Tone Uvunguni: Land Rover na Mafundi Wake katika Nchi ya Dhahabu

Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa maana ya uvujaji. Amekulia karibu na jahazi lililolala ufukweni wakati wa maji kupwa. Amemwona fundi akipita ubao kwa ubao na nyundo na patasi, akisindilia pamba iliyochovywa mafuta katika kila mwanya. Na jina la kazi ile, kalafati, amelijua kabla hajajua jina la mfalme yeyote wa Ulaya. Katika chombo cha baharini adui yuko nje naye ataka kuingia. Katika injini ya gari yuko ndani naye ataka kutoka. Walakini tabia yao ni moja. Maji na oili havina haja ya tundu kubwa. Huridhika na tundu lililosahauliwa.

Bulyanhulu iko bara ya mbali, yapata kilomita 55 kusini mwa Ziwa Viktoria, katika nchi ambayo kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa ya Kahama na sasa imo katika Halmashauri ya Msalala, Mkoa wa Shinyanga. Kaskazini magharibi yake iko Geita. Maandishi juu ya ukanda huu ni mengi, na karibu yote husema juu ya dhahabu: wakia, leseni, makampuni, kesi. Ni machache mno yanayouliza dhahabu hiyo na wachimbaji wake, na wagonjwa wao, na magunia yao ya mpunga, vilisafiri kwa kitu gani. Kwa sehemu kubwa vilisafiri kwa magari makuukuu yaliyokuwa yakivuja oili, na kwa mikono ya watu waliojua kuyazuia yasivuje, au walau yavuje kwa adabu.

Njia yenyewe ni kongwe. Kabla ya gurudumu, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilibebwa mabegani mwa Wanyamwezi, na wapo wazee wa Unguja waliovijua vituo vya bara kama walivyoijua mitaa yao. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, na tawi lake likapita Shinyanga na kufika Mwanza mwaka 1928. Mzigo ukahama begani ukaingia behewani. Lakini reli haina tawi la kila kijiji. Baina ya stesheni na mashimo ya dhahabu, baina ya Kahama na vijiji vya ndani, kazi ilibakia kwa lori.

Na penye lori sharti pawe na fundi. Mgodi wa kikoloni wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Mwaka 1940 John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada, aligundua almasi Mwadui, si mbali na mji wa Shinyanga. Mgodi wowote una karakana yake, na karakana ni chuo hata kama hakitoi cheti. Vita Kuu ya Pili navyo viliwarudisha nyumbani askari wa KAR waliokwisha kushika usukani na spana. Kisha ukaja ule mpango wa karanga wa mwaka 1947 hadi 1951, Kongwa, Nachingwea na Urambo, ambao matrekta yake mengi yalikuwa mabaki ya vita, na ardhi ngumu ya Kongwa ikayasaga kama nafaka. Mpango ulianguka kwa hasara ya mamilioni ya pauni. Lakini mtu aliyekwisha kuifungua injini hasahau alichokiona, hata mwajiri wake akifilisika. Vyama vya ushirika wa pamba vilipoungana mwaka 1955 katika Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya Paul Bomani, msimu wa pamba wa Usukuma ukawa pia msimu wa Bedford na Austin, na kila penye ginari palizuka gereji chini ya mwembe.

Land Rover ilizaliwa kwa shida na ikalelewa kwa shida. Baada ya vita kampuni ya Rover ya Uingereza ilikuwa na kiwanda kikubwa kisicho na kazi ya kutosha. Chuma kiligawiwa kwa kibali, na serikali ilitaka bidhaa za kuuza ng'ambo. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni hiyo, alikuwa akitumia jipu la jeshi la Marekani shambani kwake katika kisiwa cha Anglesey, akawaza kutengeneza la kwao. Gari lilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, mwili wake ukiwa wa aluminiamu kwa sababu bati la chuma lilikuwa haba. (Msimulizi wa habari za Mwadui na ajihadhari: Williamson hawezi kupandishwa Land Rover mwaka 1940, kwani lilikuwa bado halijawazwa.) Mwaka 1958 lilikuja toleo la pili pamoja na injini ya petroli ya lita 2.25, na mwaka 1961 ikafuata ya dizeli yenye ujazo uleule. Injini hizo mbili ziliendelea katika toleo la tatu, lililotengenezwa tangu 1971 hadi 1985. Hizo ndizo zilizo katika 109, gari refu lililopewa jina hilo kwa inchi zilizopo baina ya magurudumu yake ya mbele na ya nyuma, ambalo bara lilitumiwa na bwana shamba, zahanati, misheni, polisi, na hatimaye na yeyote aliyeweza kulinunua lilipochakaa.

Kwamba lilivuja si siri. Mzaha wa wenye Land Rover, unaosemwa Uingereza kama unavyosemwa huku, ni kwamba likiacha kuvuja ujue oili imekwisha. Sababu zilikuwa za wakati wake. Gasketi nyingi zilikatwa kwa lile gome laini ambalo Wazungu hufanyia vizibo vya chupa. Gome hilo hukauka, husinyaa, na likikazwa kupita kiasi hupasuka. Sili za mpira wa zamani zilikuwa ngumu kama ukucha baada ya miaka kadhaa ya joto. Nchini mwao, dereva aliyeona tone jeusi asubuhi katika banda lake alilitazama kama mtu atazamavyo mvi ya kwanza, na duka la oili lilikuwa mtaa wa pili.

Katika njia ya Kahama hesabu ni nyingine. Mililita moja ya oili hutoa matone 20 hadi 30 hivi, kwa kutegemea uzito wake. Injini inayodondosha tone moja kila sekunde, jambo ambalo dereva anaweza asiligundue kabisa akiwa safarini, itapoteza lita nzima katika muda wa saa tano na nusu hadi nane. Injini ya 2.25 hubeba lita sita na kidogo. Siku mbili za safari mbovu, kijiti cha kupimia kikitoka kikavu, na krenkishafti hula beringi zake. Na gari lililokula beringi zake mahali pasipo na spea huwekwa juu ya mawe. Wangapi waliliona gari namna hiyo nyuma ya nyumba ya mtu, kuku wakitaga katika kiti cha dereva, na kulidhani limekufa kwa uzee? Mengi yalikufa kwa tone.

Fundi wa kweli hujulikana kwa jambo la kwanza analolifanya. Asiyejua huanza na spana. Ajuaye huanza na brashi, mafuta ya taa, na maji ya sabuni, akaiosha injini mpaka rangi yake ya kiwandani ionekane, kwa kuwa katika tope la oili na vumbi la miaka kumi kila mahali panaonekana panavuja. Ikisha kukauka huipaka unga mweupe: chokaa iliyochekechwa, unga wa muhogo, au poda ya watoto ikiwa mwenye gari ni mtu wa uwezo. Injini huwashwa, gari huzungushwa mwendo mfupi, kisha fundi huingia uvunguni na tochi. Mahali penye uvujaji unga hubadilika rangi, mwanzo kama jasho la puani, halafu kama kijito. Na hapo ndipo wengi hushangaa, kwani kijito huanzia mbali na tone. Oili hushuka kwa uzito wake, na upepo wa feni na wa mwendo huisukuma nyuma. Tone linaloanguka chini ya giaboksi huenda limezaliwa juu kabisa, katika kava ya valvu, likasafiri ubavuni kama mgeni asiyetaka kujulikana kwao.

Wenye gari hawaupendi utaratibu huu, maana huchukua nusu siku na fundi haonekani kufanya kazi. Mazungumzo ya gereji hufanana kila mahali.

"Bwana fundi, we kaza tu hapo chini, mimi nina safari."

"Mzee wangu, nikikaza zaidi nitaipasua. Na hapo chini si pake."

Kabla ya unga kuna pua na vidole. Oili ya injini ni nyeusi na nyepesi. Ya giaboksi na difu ni nzito, ina harufu ya kiberiti, na harufu hiyo haitoki mkononi hadi kesho yake. Maji ya breki ni mepesi na hubambua rangi. Land Rover ina na uvujaji wake wa pekee, ule wa yale mabungo mawili ya chuma yanayozunguka nyuma ya magurudumu ya mbele. Vumbi na kutu vikisha kuyachuna, sili hulambwa na oili hupaka tairi kwa ndani. Fundi anayechanganya hayo manne atabadilisha gasketi ya sampu ilhali kilicholia ni kingine. Wako wanaotandika boksi la katoni lililopasuliwa chini ya gari usiku kucha, wakaweka alama mahali pa magurudumu, ili asubuhi ramani ya matone isomeke.

Baada ya hapo ndipo spana. Kanuni ni kuanzia juu, kwa kuwa tundu la juu likizibwa huenda matatu ya chini yakaonekana hayakuwa matundu. Kava ya valvu kwanza, kisha kile kibati cha ubavuni, kisha pampu ya petroli na kikalio cha chujio, kisha sili ya mbele nyuma ya puli, na mwisho sampu. Ukingo wa sampu ni wa bati. Boliti zikikazwa kwa hasira, bati hubonyea kuzunguka kila tundu, na gasketi mpya ya bei yoyote haitashika. Dawa yake haiuzwi dukani: ukingo hulazwa juu ya ubao mgumu ukagongwa tundu baada ya tundu mpaka unyooke. Gasketi yenyewe hukatwa papo hapo. Karatasi nzito hutandikwa juu ya chuma, ikagongwa polepole kwa nyundo yenye kichwa cha mviringo, na ukingo wa chuma wenyewe ukaikata. Aliyeona ubao wa jahazi ukipimwa kwa jicho atautambua mkono huo.

Lakini kuna uvujaji ambao gasketi haiutibu, na huu ndio uliowatenganisha mafundi wa ukanda wa dhahabu na wakazaji wa nati. Pistoni haizibi silinda kabisa. Daima moshi kidogo hupenya kando ya ringi na kushuka katika tumbo la injini, na injini sharti iutoe. Katika 2.25 hutokea kupitia kofia yenye wavu wa nyuzi za chuma iliyo juu ya kava. Wavu huo ukijaa vumbi, pumzi haina pa kupita. Presha hupanda, na oili husukumwa nje kupitia kila sili, mpya kwa nzee. Mwenye gari hubadilisha sili ya mbele, baada ya mwezi ya nyuma, baada ya mwezi sampu, akaapa kwamba spea zote ni za bandia. Kumbe lililotakiwa ni kuichovya kofia ile katika petroli, kuikung'uta na kuirudisha.

Na vumbi, mtu akilifuata, humfikisha mbali zaidi. Chujio la hewa la magari haya ni beseni la chuma lenye oili chini yake. Vumbi hunaswa na oili hiyo, nayo hutakiwa kumwagwa na kutiwa mpya kila mara. Njia za Shinyanga na Geita wakati wa kiangazi ni vumbi jekundu la moramu, jepesi kama poda. Beseni likisahauliwa, vumbi huingia ndani ya silinda na kusaga ringi. Ringi zikilegea, moshi huzidi tumboni. Moshi ukizidi, presha huzidi. Na sili ya nyuma, iliyo umbali wa mkono mzima kutoka katika chujio, huanza kudondosha. Fundi aliyeelewa mnyororo huo, naye pengine hakusoma kitabu chochote kwa kuwa kitabu chenyewe kilikuwa cha Kiingereza na kilifungiwa katika kabati la mhandisi, alikuwa amefikia jambo ambalo wahandisi hulipia ada kulijua.

Sili ya nyuma yafaa itajwe peke yake, kwani ndiyo iliyofilisi watu. Katika 2.25 imegawanyika nusu mbili zinazokumbatia krenkishafti, na kando ya kifuniko cha beringi ya nyuma husimamishwa vipande viwili vya mpira vyenye umbo la herufi T, ambavyo sharti viingizwe bila kuchanika na vichomoze kidogo ili sampu ivibane. Kuifikia ni kung'oa sakafu ya gari, kikalio cha viti, giaboksi lililopandishwa kwa kamba na kutolewa kupitia mlangoni, klachi, na gurudumu la injini. Ni kazi ya siku mbili au tatu kwa kitu chenye thamani ya sahani ya wali. Mwenye gari akipewa hesabu hiyo huona anaibiwa. Wapo waliokuwa wakiibiwa kweli: giaboksi huteremshwa, gundi ya silikoni hupakwa kwa nje, giaboksi hurudishwa, na tone hunyamaza kwa wiki tatu.

Watengenezaji walijua sili ile itachoka. Chini ya kasha la klachi waliacha tundu dogo, na pamoja nalo kizibo cha skrubu. Tundu huachwa wazi siku zote ili oili itakayopenya idondoke chini, isilowanishe klachi. Kizibo hufungwa pale tu gari linapovuka maji ya kina, na hufunguliwa ng'ambo. Si wote walioelewa. Palipokuwa na mnunuzi wa kuridhishwa, kizibo kilifungwa moja kwa moja, uvungu ukawa mkavu kama wa gari jipya, na baada ya muda klachi ikateleza mlimani gari likiwa na abiria.

Miaka ambayo ujuzi huu ulikuwa wa kufa na kupona ni ile ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983, na kiwanda cha Thika kilichokuwa kikiunganisha Land Rover kikawa upande wa pili wa kufuli. Vikafuata Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kupanda kwa bei ya mafuta duniani, na ukame wa fedha za kigeni. Serikali iliyokosa dola za kununulia dawa haikuwa na dola za sili. Mwaka 1983 ulikuwa mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, na mfanyabiashara aliyekuwa na katoni ya spea stoo alitazamwa kwa jicho lilelile la aliyeficha sukari.

Historia ya uchumi wa miaka ile imeandikwa kwa takwimu za pamba na mikopo. Ingeweza kuandikwa pia kwa vitu vilivyopatikana chini ya boneti: gasketi ya boksi la katoni lililolowekwa oili, sili iliyokatwa katika tairi, uzi uliopakwa grisi na kuzungushwa mahali palipotakiwa mpira, mche wa sabuni uliosuguliwa katika ufa wa tangi la petroli, kwa kuwa petroli haiyeyushi sabuni. Hakuna lililodumu na hakuna aliyedhani litadumu. Oili iliyodondoka ilikingwa kwa kopo, ikachujwa kwa kitambaa, ikarudishwa. Ni jambo baya kwa injini, na kila aliyelifanya alilijua. Lakini baina ya oili chafu na kutokuwa na oili hapana mashauri marefu.

Unafuu ulianzia mwaka 1984, ruhusa ilipotolewa kwa mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi. Mwaka huohuo Ali Hassan Mwinyi alishika urais wa Zanzibar na milango ya biashara ikafunguliwa. Bidhaa za Dubai zikawa zapita Malindi kwenda bara, na spea zikiwamo. Nyingi zilikuwa za kuigiza. Fundi alijifunza kuikunja sili kwa vidole na kuinusa kabla ya kuilipia, kama mpishi anusavyo papa.

Katika miaka hiyo ndipo Bulyanhulu ilipojaa watu. Dhahabu yake ilijulikana kwa wataalamu tangu miaka ya 1970. Wachimbaji wadogo walimiminika baadaye, maelfu kwa maelfu, wakachimba maduara yao na kuyategemeza kwa magogo. Kambi ya dhahabu huhitaji maji, magogo, chakula na vipuri, na haisubiri lami. Injini zilizokuwa barabarani zilipata ndugu zao wasiotembea, zile za kusukumia maji, za kupeleka hewa mashimoni, na za kuzungushia karasha za kusagia mawe. Hizi zilivuja kwa sababu zilezile na zikatibiwa na watu walewale. Tofauti ni kwamba lori likizimika abiria hushuka wakatembea. Pampu ikikaukiwa oili na kukwama, maji hupanda katika duara lenye watu.

Mwezi wa Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliamriwa kuondoka Bulyanhulu, eneo likakabidhiwa Kahama Mining Corporation, kampuni tanzu ya Sutton Resources ya Kanada. Yalitolewa madai kwamba wapo waliofukiwa mashimoni. Serikali na kampuni ziliyakana. Na mabishano hayo yameendelea kwa miaka mingi bila ya kuwaridhisha walioyatoa. Barrick iliinunua Sutton mwaka 1999, na mgodi mkubwa wa chini ya ardhi ukafunguliwa mwaka 2001. Ndani ya uzio yaliingia Land Cruiser, ambayo sili zake hazikuhitaji unga wa muhogo, na mafundi wenye kofia ngumu na karatasi za matengenezo zenye tarehe. Nje ya uzio, Kakola na Bugarama, magari yalibakia ya watu, na matone yake yalikuwa ya watu vilevile.

Kuna upande wa jambo hili ambao gereji hazikuujali, nao haufai kupitiwa kimya. Oili iliyotumika ina sumu. Lita moja yaweza kuharibu maji mengi mno. Katika nchi ambayo tayari ina zebaki inayotumiwa kukamatia dhahabu, na ambako watu hunywa maji ya visima vifupi, ardhi nyeusi ya gereji si alama ya bidii peke yake. Oili chafu hupakwa nguzo zisiliwe na mchwa, humwagwa barabarani kulaza vumbi, na mara nyingine hupakwa hata kidonda cha ng'ombe. Matumizi hayo yote ni werevu, na yote huishia kisimani mvua ikinyesha.

Sasa magari hayo yamekuwa ya fahari. Mbio za magari za Safari, zilizoanzishwa mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, zimezaa mbio za magari ya kale tangu mwaka 2003. Mwezi wa Oktoba 2024 Arusha ilikusanya mamia kwa mamia ya Land Rover katika tamasha, kwa nia ya kuvunja rekodi ya msafara mrefu iliyokuwa ikishikiliwa Ujerumani. Picha zake zilikuwa nzuri. Makala za magazeti zilihesabu magari na kutaja wageni. Wenye kuyafanya yafike, yakiwa na umri wa miaka 40 na 50, hawakuhesabiwa.

Hasara kubwa huenda ikawa ya lugha. Ujuzi huu haukuandikwa kwa Kiswahili mahali popote pa maana, bali umo katika maneno, na wapenzi wa mashairi wanayo haki ya kuyaonea wivu. Gereji huitazama injini kama mwili. Injini hupumua, hukohoa, hulia, huchemka. Hula oili, tofauti na kumwaga oili, kwani inayokula huiunguza ndani na kutoa moshi wa buluu, na inayomwaga huipoteza njiani. Na mwanagenzi aliyechanganya vitenzi hivyo viwili hupewa ufagio badala ya spana. Tone nalo lina daraja zake tatu. Injini inayomwaga haiondoki gerejini. Inayodondosha huwekewa boksi chini usiku, ikatazamwa asubuhi, na mwenyewe akaambiwa ukweli wa gharama. Inayotoa jasho tu, iwe ya Land Rover au ya karasha, hupanguswa kwa tambara, kofia yake ya kupumulia ikaoshwa kwa petroli, ikaachwa iende.